Mikro gani kwa chumba cha mbao na mabati? Ulinganisho wa vifaa vya bei nafuu vya kurekodi muziki nyumbani Goma

Anayetaka kurekodi wimbo nyumbani Goma huanza kwa kuulizia mikro, na dukani huonyeshwa ya kondensa kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye video za studio. Ndani ya chumba kilichotulia, chenye kuta nene na mapazia mazito, kondensa hushinda kweli. Lakini nyumba nyingi hapa ni za mbao zilizosimama juu ya mawe ya volkano, paa ni la mabati, jirani yuko upande wa pili wa ubao mmoja, na pikipiki zinapita mlangoni. Humo, mikro ya dola 25 iliyo karibu na mdomo huleta sauti safi kuliko ya dola 100 iliyowekwa mbali. Kwa hiyo vifaa vyote hapa chini vinapimwa kwa swali moja: kipi kinafanya kazi ndani ya chumba hiki, kwa umeme huu?

Bei zilizotajwa ni za soko la kimataifa, kwa dola, na ni za kukadiria. Bidhaa ikifika Goma kupitia Kampala, Kigali au Dubai huongezewa usafiri na ushuru, kwa hiyo tazama zaidi tofauti kati ya kifaa na kifaa kuliko tarakimu yenyewe.

Dinamiki au kondensa

Mikro dinamiki ina koili ndogo ya waya iliyobandikwa kwenye utando, ndani ya uga wa sumaku. Sauti inasukuma utando, koili inatikisika, umeme kidogo unazaliwa. Haihitaji kulishwa umeme kutoka nje. Kondensa ina utando mwembamba sana mbele ya bamba la chuma, nayo lazima ilishwe: kadi ya sauti (kisanduku kinachounganisha mikro na kompyuta) inatuma volti 48 kupitia waya uleule wa mikro. Umeme huo huitwa fantomu, na kitufe chake kwenye kadi huandikwa "48V".

Tofauti ya nguvu kati yao ni kubwa. Kwa sauti ileile, Shure SM58 hutoa milivolti 1.85 na Audio-Technica AT2020 hutoa milivolti 14.1, yaani karibu mara 8, au zaidi ya dB 17 (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti). Ndiyo maana anayejaribu kondensa kwa mara ya kwanza hufurahi: kila kitu kinasikika. Baada ya dakika chache anagundua kwamba kila kitu kweli kinasikika, pamoja na mtoto wa jirani, sufuria na mwangwi wa mabati.

Watu husema dinamiki haisikii chumba. Inasikia. Kinachopunguza chumba ni umbali. Kila ukigawa umbali kati ya mdomo na mikro kwa mbili, sauti yako inaongezeka dB 6, huku kelele za chumba zikibaki palepale. Kutoka sentimita 20 hadi 5 umepata dB 12 bila kununua chochote. Dinamiki ya jukwaani imetengenezwa kwa ukaribu huo: ina wavu mgumu na sifongo ndani, na mate au pumzi haziiharibu haraka. Kondensa ukiiweka sentimita 5 itapasuka kwenye kila "p" na "b", na unyevu wa pumzi unaweza kuifanya itoe milio ya kukwaruza. Kwa hiyo inasogezwa hadi sentimita 15 au 25, na hapo chumba kinaingia.

Ukaribu nao una gharama yake. Mikro nyingi za waimbaji ni za mtindo wa kadioidi, yaani husikia mbele na hupunguza sauti inayotoka nyuma, na mtindo huo huongeza besi kadiri mdomo unavyokaribia. Sauti ya mwanaume kwa sentimita 3 huwa nzito kupita kiasi. Usiogope, punguza besi chini ya Hz 100 (mitetemo kwa sekunde) wakati wa kuchanganya, na mwambie mwimbaji asisogee huku na kule, kwa sababu uzito huo hubadilika kila anaposogea.

| | Behringer XM8500 | Shure SM58 | Audio-Technica AT2020 | BM-800 |
|---|---|---|---|---|
| Aina | dinamiki | dinamiki | kondensa | kondensa |
| Bei ya kukadiria | dola 25 | dola 100 | dola 100 | dola 20–30 |
| Masafa | Hz 50–15,000 | Hz 50–15,000 | Hz 20–20,000 | usiamini karatasi yake |
| Volti 48 | haihitaji | haihitaji | lazima | lazima, hata muuzaji akikataa |
| Umbali wa mdomo | sm 3–8 | sm 3–8 | sm 15–25 | sm 15–20 |
| Mahali pake Goma | rap, kuimba, ngoma | zilezile, na jukwaani | gitaa la mbao, likembe, chumba kilichofunikwa | tafuta nyingine kwanza |

Kati ya XM8500 na SM58, kwa kurekodi nyumbani tu, chukua XM8500 na pesa iliyobaki uitumie kwa kaske (za kusikilizia masikioni) na stendi. Tofauti ya sauti ipo, lakini ni ndogo kuliko tofauti ya kuning'iniza blanketi mahali panapofaa. SM58 inastahili bei yake kwa mtu anayepanda pia jukwaani, kwa kuwa inavumilia kuanguka. Tatizo lake ni bandia, ambazo zimejaa sokoni. SM58 halisi ina gramu 298, kwa hiyo nenda na mizani ndogo ya jikoni. Ikipungua sana, rudisha. Sanduku, stika na kitabu cha maelezo havithibitishi kitu, vinachapishwa kirahisi.

BM-800 ndiyo inayouzwa sana kwa sababu sura yake ni ya studio. Mara nyingi huja na waya wenye fishi ndogo ya milimita 3.5 upande wa pili, na mnunuzi anaichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Tundu la kompyuta hutoa volti chache tu badala ya 48, matokeo yake sauti ni ndogo na "shhhh" ni kubwa. Aliye nayo tayari asiitupe: akinunua waya wa XLR kwa XLR (fishi nene yenye pini tatu) na kadi yenye fantomu, itaboreka sana. Asiye nayo asiitafute.

AT2020 ni mikro nzuri, na kwa gitaa la mbao haina mshindani katika bei hii. Kelele yake ya ndani ni dB 20. Zipo za bei ya juu zaidi kama Rode NT1 yenye dB 4 hivi, lakini chumba cha kawaida cha Goma hata usiku wa manane kina kelele kupita dB 20, kwa hiyo ukimya huo ungeununua bila kuusikia.

Chumba, kabla ya kulipa

Piga makofi mara moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio mkali unaorudi haraka kama chuma kinachotetemeka, hiyo ni sauti inayoruka kati ya kuta mbili zinazotazamana, au kati ya sakafu na bati. Trei za mayai hazisaidii: karatasi yake ni nyembamba, hugusa kidogo sauti za juu sana na kuacha zilizobaki, tena inashika moto upesi. Kitenge kimoja ukutani vilevile ni pambo. Kinachofyonza sauti ni unene wenye matundu ya hewa: godoro la sifongo, blanketi nzito zilizokunjwa mara mbili au tatu, makoti kabatini. Sifongo la sentimita 10 lililobanwa ukutani hufanya kazi vizuri kuanzia takriban Hz 850 kwenda juu. Ukiliacha sentimita 10 mbali na ukuta linashuka hadi sauti za chini zaidi, bila kuongeza hata franka.

Mahali pa kuliweka ndipo wengi wanapokosea. Wanafunika ukuta ulio nyuma ya mikro. Kumbuka kadioidi haisikii vizuri nyuma yake. Inamtazama mwimbaji, na juu ya mabega yake inatazama ukuta ulio nyuma ya mwimbaji. Godoro moja likisimama nyuma ya mgongo wa mwimbaji linafanya zaidi ya matatu yaliyo nyuma ya mikro. La pili liwe upande wa ukuta ulio karibu zaidi. La tatu, ukiweza, blanketi iliyofungwa kwa kamba juu ya kichwa, kwa sababu bati ndilo adui mkubwa hapa.

Usisimame katikati kabisa ya chumba wala kwenye kona. Chumba cha mita 3 kina uvimbe wa besi karibu na Hz 57, na kona huukuza.

Mvua haina dawa. Bati likipigwa na mvua, hakuna sifongo litakaloiondoa kwenye rekodi, na programu za kusafisha kelele zitaharibu sauti ya mwimbaji kabla ya kuimaliza mvua. Panga kuimba alfajiri au usiku, na miezi ya Juni hadi Agosti itumie vizuri. Siku za mvua fanya kazi isiyohitaji mikro: kinanda, midundo, kuchanganya.

Mikro ya USB au kadi ya sauti

Mikro ya USB ina kila kitu ndani: mikro, kikuza sauti na kigeuzi cha kwenda dijitali. Unachomeka, kompyuta inaitambua. Kasoro yake ni kwamba imefungwa. Ukitaka kesho kuongeza mikro ya pili ya gitaa, kompyuta nyingi hazitakubali mikro mbili za USB kwa wakati mmoja bila ufundi wa ziada, kwa sababu kila moja ina saa yake na zinaanza kupishana.

Samson Q2U inaepuka mtego huo. Ni dinamiki, ina USB na XLR zote mbili, ina tundu la kaske kwenye mwili wake, na hurekodi kwa biti 16 na kHz 48 (vipimo vya ubora wa rekodi ya dijitali). Leo unaitumia kwa USB. Ukipata kadi ya sauti mwakani, unaitumia kwa XLR. Kwa mtu mmoja anayeimba au kurap peke yake, kwa bajeti isiyofika dola 150, ndiyo chaguo letu la kwanza. Fifine K669B ni rahisi zaidi, dola 30 hivi, lakini ni kondensa ya USB tu: yafaa kwa mahubiri na mazungumzo ndani ya chumba kilichofunikwa vizuri.

Kadi ya sauti ni njia ya anayetaka kukua. Behringer UM2 (dola 45 hivi) ina tundu moja la XLR lenye volti 48 na tundu moja la gitaa, kwa biti 16 na kHz 48. Behringer UMC202HD (dola 80–100) ina matundu mawili kamili na biti 24. Focusrite Scarlett Solo ya kizazi cha tatu (dola 110–140) ina XLR moja, vikuza sauti vitulivu vyenye nguvu hadi dB 56, na biti 24.

Je, biti 24 ni lazima? Biti 16 zinatoa nafasi ya dB 96 kati ya sauti kubwa na kelele ya mfumo, na chumba chako hakifiki huko. Faida ya 24 ni uhuru: unaweza kurekodi chini, kilele kikiwa −12 kwenye kipimo cha programu, ambacho mwisho wake ni 0, bila woga, halafu ukapandisha baadaye. Kwa UM2 lazima uwe makini zaidi na kipimo. Tena UM2 kwenye Windows haina draiva yake ya ASIO (inayopunguza kuchelewa kwa sauti) iliyo bora. Wengi hutumia ASIO4ALL, ambayo ni ya bure na inafanya kazi, ila huishika kadi peke yake, na programu nyingine zinaweza kukosa sauti hadi uifunge.

Shida ya kadi za bei ya chini ni dinamiki. Kwa kuwa dinamiki hutoa umeme mdogo, mwimbaji wa sauti ya upole atakulazimisha kuzungusha kinobu hadi karibu na mwisho, na hapo kadi ndogo huanza kutoa mvumo wake. Kabla ya kununua kifaa cha kuongeza nguvu, msogeze mwimbaji kutoka sentimita 10 hadi 5: umepata dB 6. Kwa rap na korale (kwaya) za watu wenye sauti kubwa hili halitokei.

Kati ya hizo tatu tunapendekeza UMC202HD. Matundu mawili ya XLR yanamaanisha mwimbaji na gitaa, waimbaji wawili, au jozi ya mikro mbele ya korale ndogo. Scarlett Solo ina sauti nzuri zaidi, lakini ukiwa na tundu moja utajuta siku rafiki atakapokuja na gitaa la mbao. Ingawa hata mikro moja kwa wote wawili si aibu: mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi gitaa na sauti ya mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, kwa mfumo wa mono, sauti na gitaa kwa pamoja, na rekodi hizo zinasikilizwa hadi leo na wapiga gitaa. Mizani ya mikro moja hupatikana kwa kuisogeza: gitaa likizidi, inua mikro kuelekea mdomo, sauti ikizidi, ishushe.

Kwa gitaa la umeme, bonyeza kitufe kilichoandikwa INST au tumia tundu la gitaa. Ukilichomeka kwenye tundu la laini, sauti inakuwa ya matope, bila makali, kwa sababu ukinzani wa tundu ni mdogo mno kwa pikapu (sumaku zilizo chini ya nyuzi za gitaa).

Kinanda nacho kina mtego wake. Wengi huchukua waya wa stereo kutoka tundu la kaske la kinanda na kuuingiza kwenye tundu moja la kadi. Tundu hilo husoma ncha moja kama kinyume cha nyingine na kuondoa moja kutoka kwa nyingine, na kila kilicho katikati, yaani besi na ngoma, hupotea. Kinabaki kivuli cha mwangwi tu. Tumia waya unaogawanyika kuwa fishi mbili za mono, moja kwa kila tundu la kadi.

Simu

Simu inatosha kuhifadhi wazo la wimbo. Kwa wimbo wa kutoa, kasoro yake kubwa ni kipimo cha sauti kinachojirekebisha chenyewe: ukinyamaza inapandisha kelele, ukiimba kwa nguvu inashusha, na rekodi inapumua. Tafuta programu inayokuruhusu kuzima marekebisho hayo na kuhifadhi kwa WAV (faili ya sauti isiyobanwa). Mikro ndogo za klipu lazima ziwe na fishi yenye pete tatu nyeusi. Yenye pete mbili ni ya kamera na haitasikika kwenye simu.

Kadi ya sauti huweza kuunganishwa na simu za Android zenye OTG (uwezo wa kupokea vifaa vya USB), lakini kadi inakula umeme wa simu na mara nyingi inazimika katikati. Dawa ni habu ya USB inayolishwa na paua benki yake yenyewe. Fishi zikiwa nyingi hivyo, kompyuta ya mkono iliyotumika inakuwa rahisi zaidi.

Korale: rekoda ya mkononi

Kwa korale ya watu 20 kanisani, sahau yote ya ukaribu. Hapa rekoda ndogo hushinda kadi na mikro mbili kwa sababu haihitaji umeme wala kompyuta. Mbili za kulinganisha ni Zoom H1n na Tascam DR-05X, zote takriban dola 100–120, zote kwa biti 24 hadi kHz 96, na zote huweza kugeuka mikro ya USB nyumbani.

H1n ina mikro mbili zilizokingamana, zinazosikia zaidi mbele. DR-05X ina mikro zinazosikia pande zote sawa. Kanisa lenye mabati, watoto na milango wazi linataka H1n. Ukumbi mzuri wa matofali wenye dari, ambamo unataka sauti ya mahali yenyewe, DR-05X italeta besi nzuri zaidi. H1n hutumia betri mbili ndogo za AAA na hudumu saa 10 hivi; DR-05X hutumia mbili za AA, ambazo katika maduka ya mitaani hupatikana kwa urahisi zaidi. Nunua za alkali. Zile nyepesi za redio zinaisha kabla ya wimbo wa tatu.

Iweke kwenye stendi ya kamera, mita 2 hadi 3 mbele ya safu ya kwanza, juu kuliko vichwa, ikitazama safu ya nyuma ili walio mbele wasiwazidi wenzao. Zima kipimo cha kujirekebisha, chagua WAV biti 24 kHz 48, mwambie korale iimbe pambio lenye nguvu zaidi, na weka kilele karibu na −12. Kwa mpangilio huo stereo hula MB 17 kwa dakika. Kadi ya GB 32 inabeba saa 30. Sauti ya besi ikipotea, sogeza watu wa besi, usiguse rekoda.

Kaske

Ziwe zimefungwa kabisa nyuma, zinazofunika sikio lote. Audio-Technica ATH-M20x (dola 50–60) na AKG K52 zinatosha. Superlux HD 681 husifiwa sana kwa kuchanganya, na ni za bei nzuri, lakini zimefunguka nusu: mdundo unavuja na kuingia kwenye mikro, kisha hauondoki. Za bluetooth usizitumie kamwe wakati wa kurekodi. Zinachelewa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, na mwimbaji ataimba nyuma ya mdundo wimbo mzima huku akijiona yuko sawa.

Umeme

Mngurumo wa chini unaosikika wakati wote ni umeme wa Hz 50, pamoja na ndugu zake wa 100 na 150. Hapa Goma una sababu yake ya pekee: kuchimbia waya wa ardhi ndani ya mwamba wa lava ni kazi ngumu, mwamba huo haupitishi umeme vizuri, na nyumba nyingi hazina ardhi kabisa. Chaja ya kompyuta isiyo na ardhi inaacha umeme mdogo kwenye chuma cha kompyuta, nao unatembea hadi kwenye kadi.

Tafuta chanzo kwa mpangilio huu. Rekodi sekunde 10 za kimya. Chomoa chaja kwenye kompyuta, rekodi tena. Mngurumo ukiisha, umempata. Ukibaki, gusa chuma cha tundu la kadi kwa kidole: ukipungua, tatizo ni ardhi ya kifaa kingine kilichounganishwa, mara nyingi kinanda au spika. Chomoa kimoja kimoja. Nyumba ikitumia sola, zima inveta kidogo. Zile za bei ya chini hazitoi wimbi laini na huleta mlio mkali kama nyuki.

Kwa kurekodi sauti, jibu la kawaida ni rahisi: shaji kompyuta hadi mwisho, chomoa, imba kwa betri. Inakulinda pia umeme unapokatika katikati ya pambio. Kinanda kinachonguruma kipitishe kwenye kisanduku cha DI (kinachokaa kati ya kinanda na kadi) chenye transfoma na swichi ya kukata ardhi ya waya wa sauti. Usikate pini ya ardhi kwenye fishi ya kinanda wala ya amplifaya. Mkono kwenye nyuzi na mdomo kwenye mikro ndiyo njia ambayo umeme hupitia mwilini.

Simu weka kwenye hali ya ndege, au nje ya chumba. Ule mlio wa "tit-tit-tit" kabla ya simu kuita huingia kwenye waya wa mikro na hautoki.

Programu

Audacity ni ya bure na nyepesi, inafaa kwa sauti na korale, ila haipigi vinanda vya kompyuta. FL Studio inapendwa kwa midundo. Ya majaribio inakuruhusu kuhifadhi lakini haikufungulii tena kazi uliyoihifadhi, kwa hiyo usiifunge kabla ya kutoa WAV. BandLab ni ya bure kwenye simu, lakini kazi zako zinategemea intaneti. Reaper ndiyo tunayoipendekeza: inajaribiwa siku 60 ikiwa kamili, leseni ya mtu binafsi ni dola 60, faili ya kuisakinisha ni ndogo kwa mtu anayenunua mega kidogo kidogo, na inakwenda hata kwenye kompyuta ya zamani.

Weka biti 24, kHz 48. Sauti ya mono inakula MB 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye treki 12 (njia za sauti zilizorekodiwa moja moja) ni karibu MB 415. Bafa (akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuichakata) iwe sampuli 128 wakati wa kuimba, ambayo ni milisekunde 2.7 kwa kila hatua, na 1024 wakati wa kuchanganya ili kompyuta ipumue. Kompyuta ikikwama kwenye 128, acha bafa juu na utumie kitufe cha kadi cha kusikiliza moja kwa moja, huku ukizima sauti ya treki hiyo ndani ya programu; ukisahau kuizima, mwimbaji atajisikia mara mbili.

Kufanya kazi yenyewe

Mikro kwenye stendi, si mkononi. Igeuze kidogo pembeni ili pumzi ya "p" ipite kando, au weka kichujio mbele yake: waya wa henga uliokunjwa duara, soksi ndefu ya nailoni iliyovutwa juu yake, umbali wa vidole vinne. Imbisha pambio la nguvu kwanza, kilele kikae kati ya −12 na −6. Taa nyekundu ikiwaka hata mara moja, shusha. Rekodi sekunde 10 za kimya kabla ya kila wimbo, ndizo zitakazotumiwa na kisafisha kelele. Kisha nakili kila kitu kwenye diski nyingine kabla ya kuzima.

Vumbi jeusi la volkano hupenya kila mahali. Kondensa ina chaji inayovuta vumbi, kwa hiyo baada ya kazi irudi kwenye mfuko uliofungwa, na vipakiti vya kukausha unyevu vilivyotoka kwenye sanduku la viatu viwe ndani yake.

Ukienda kununua

Kwa mwimbaji mmoja: Q2U, kaske, stendi. Kwa mwenye kundi au gitaa: UMC202HD, XM8500, waya wa XLR wa mita 3, stendi, kaske, AT2020 iongezwe baadaye, chumba kikishafunikwa. Kwa korale: rekoda na stendi ya kamera.

Birere, mtaa wa biashara wa Goma, au kwingineko, kurudisha kifaa ni vigumu baada ya kutoka mlangoni, basi nenda na kompyuta yako, kaske zako na waya wa XLR unaoujua kuwa mzima. Chomeka, washa 48V kwa kondensa, sema "papa, pili, baba", zungusha kila kinobu taratibu ukisikiliza mikwaruzo, tikisa fishi ya USB na ya mikro ndani ya matundu yake, na urekodi dakika moja kamili. Kadi yenye hitilafu ya USB mara nyingi hukatika ndani ya dakika hiyo, na muuzaji akikataa kukupa dakika moja, lipo duka jingine.